Filimbi Shingoni mwa Shangazi

Shangazi alikuwa ameapa kwamba siku hiyo hatafungua mdomo. Aliapa mbele ya wateja wake wote saluni, na wateja wakacheka mpaka mmoja akatikisa kichwa mistari ikapinda, maana huyo mwanamke kunyamaza? Thubutu! Mdomo wake hauna breki, mwenyewe analijua hilo na wala haoni haya. Msusi akinyamaza mteja anasinzia, na mteja akisinzia kichwa kinalala upande. Ndivyo anavyojitetea. Lakini siku hiyo haikuwa ya utani. Ilikuwa siku ya majaribio ya Chiriku bwawani, na meneja wa bwawa alishasema wazi, tena akinyoosha kidole: vurugu moja tu, moja, na msikanyage tena hapa.

Chiriku ni binti wa kaka yake. Jina hilo alipewa angali mchanga, kwa sababu alikuwa akibwabwaja kutwa nzima kwa lugha yake mwenyewe. Siku zikaenda, maneno yakapungua badala ya kuongezeka, daktari akasema ni usonji. Mama yake akafariki, baba yake akapata kazi ya mbali, mtoto akabaki kwa shangazi yake na jina likabaki naye. Sasa ana miaka kumi na sita, amempita Shangazi kwa kimo, na maneno yake ya siku nzima ni machache mno. Anasema akitaka. Asipotaka utangoja mpaka miguu ife ganzi.

Na Shangazi, jamani, hajui kungoja. Ukimuuliza Chiriku anataka chai au maji, kabla mtoto hajageuza shingo Shangazi ameshajibu, “Chai, sukari kidogo.” Ukimwambia Chiriku hujambo, Shangazi hajambo. Anafanya hivyo kwa mapenzi, hilo halina ubishi, kwa sababu amewaona watu wakimwuliza mtoto kitu na kuondoka kabla hajajibu, na kila mara roho inamuuma. Basi akaamua awe anajibu yeye. Ikawa mazoea.

Shida yenyewe ilianza pale daktari alipopima presha ya binti akakunja uso. Umri huo, presha ya mtu mzima! Usingizi nao ulikuwa wa taabu, mwili unaongezeka, pumzi inamwishia akipanda ngazi za saluni. “Huyu lazima mwili utikisike,” daktari akasema. “Kila wiki, tena si mara moja. Tukizembea, hapo mbele tutakuja kulia.” Rahisi kusema! Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ofisini kinachozunguka, anasema mwili utikisike kana kwamba huko nje kuna mlango ulio wazi.

Milango yote Shangazi alishaigonga. Shuleni, mwalimu wa michezo alimpa Chiriku kazi ya kulinda mabegi. Wenzake wanacheza netiboli, yeye amekaa chini na rundo la mabegi, wiki nenda wiki rudi, kwa sababu siku moja aliziba masikio akaondoka uwanjani na mpira mkononi. “Anafurahi hapo, mama,” mwalimu akasema. Nani alimwambia anafurahi? Kwenye jimu, mwenye jimu alisema kuna vyuma, tutaumizana. Kwenye darasa la dansi spika ilikuwa kubwa kama kabati, na walipoombwa waipunguze sauti walimtazama Shangazi kama mtu aliyeomba jua lipunguzwe. Wakajaribu kukimbia barabarani asubuhi. Vijana wa kona wakacheka, hilo wangelivumilia, ila pikipiki ikapiga honi nyuma yao na Chiriku akakimbilia katikati ya barabara badala ya pembeni. Dereva wa lori alikanyaga breki mpaka matairi yakalia. Tangu siku hiyo raba za Shangazi ziko chini ya kitanda.

Wote hao walimjibu kwa upole. Hilo ndilo lililomchoma. Angepata wa kumtukana angalau naye angetukana, roho ikapoa.

Bwawa ndilo lililobaki. Kuogelea Chiriku anajua, baba yake alimfundisha kabla hajaondoka, na ndani ya maji anakuwa mtu mwingine, mabega yanashuka, anatoa kile kisauti chake cha kooni ambacho watu wa nyumbani wanajua maana yake ni furaha. Mara ya kwanza walipokwenda mambo yalikuwa mazuri mpaka mwokoaji alipopuliza filimbi kumkanya mtoto mmoja aliyekuwa akikimbia sakafuni. Lo! Chiriku alitoka majini akipiga kelele, akajipiga kichwa kwa viganja, akapita mbio katikati ya mabenchi na kumwangusha mmoja wa mapacha wadogo waliokuwa wakivaa viatu. Mtoto hakuumia, lakini mama mapacha alipiga ukelele kuliko wote. Meneja akawatoa nje. Shangazi alirudi pale peke yake, akarudi tena, akaomba, akabembeleza, akamsuka mpaka mke wa mlinzi bure, hadi meneja akachoka naye. Akampa siku moja ya majaribio.

Sasa siku yenyewe ndiyo hiyo, asubuhi.

Alikuwa amejiandaa kuliko bibi harusi. Kofia ya kuogelea Chiriku haivai, inambana hadi anaing'oa, na bila kofia sheria inasema nywele zisiachiwe. Basi Shangazi alimsuka mistari midogo iliyolala kabisa kichwani. Kumbuka huyo ni mtoto asiyependa kuguswa kichwa. Ilibidi asuke mstari mmoja, aache mtoto apumzike, kesho yake mwingine, siku ziende hivyo. Meneja alipoona kichwa kile akapungia tu mkono kwamba wapite.

Filimbi nayo ilikuwa na habari yake. Mwokoaji, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini na kitambi kidogo, alikubali kwamba leo haipulizwi. Akaitia mfukoni.

“Mfukoni ni karibu na mdomo, kaka,” Shangazi akasema. “Nipe mimi.”

“Na nikiihitaji je, dada?”

“Una sauti, una mikono. Nipe.”

Mwokoaji akacheka, akaitoa. Shangazi akaivaa shingoni na kuitumbukiza ndani ya gauni, hapo moyo ukatulia kidogo. Sasa hakuna wa kuipuliza, alijiambia. Adui nimemfunga kamba mwenyewe.

Chiriku aliingia majini kwa ngazi, kidato baada ya kidato, macho yake nyuma ya miwani ya kuogelea. Ukumbi ulikuwa na watu wachache. Harufu ya dawa ya maji ilikuwa kali, na kila sauti ndogo ilikwenda kugonga paa na kurudi. Mama mapacha alikuwa kwenye benchi la mbele, na alipomwona Chiriku aliwavuta wanawe karibu. Meneja alisimama upande wa pili, mama mmoja mrefu aliyevaa viatu vyake vya ofisini pale pale palipoandikwa viatu vivuliwe, mikono ameikunja kifuani.

Chiriku akaanza kuogelea. Hakuwa na mbwembwe, alikwenda polepole akishika mstari wake, akafika upande wa pili, akagusa ukuta, akageuka. Alipopita karibu, Shangazi alikisikia kile kisauti cha kooni. Machozi yakamlengalenga. Alitaka kumgeukia mama mapacha amwambie umeona sasa, umemwona mwanangu, lakini akakumbuka kile kiapo alichokwisha kukivunja kwa ajili ya filimbi, akajizuia. Akakaa ukingoni kabisa mwa benchi, mikono ameibana mapajani, anahesabu kimoyomoyo na kupoteza hesabu na kuanza upya. Kila mlango uliogongwa ulimshtua. Kila mtu aliyekohoa alimwona mbaya wake.

Mlango mkubwa ukafunguliwa kwa kishindo. Wakaingia watoto wa darasa la kuogelea, kundi zima, wamewahi kuliko ilivyopangwa, wanapiga makelele kwa raha yao tu ya kuona maji. Sauti zikapanda paani zikarudi mara mbili. Mwalimu wao anawaita, hakuna anayesikia.

“Jamani!” Shangazi akanong'ona. “Jamani, jamani.”

Chiriku alikuwa katikati ya bwawa, upande ule wa kina. Alisimamisha mikono. Akayaziba masikio, akatazama juu kwenye paa kelele zilikotoka, kisha akazama.

Hakuruka wala kupigapiga maji. Alishuka tu, kichwa kikapotea, maji yakafunga juu yake yakawa laini kabisa.

Shangazi akasimama. Akangoja kichwa kitokeze. Hakikutokeza. Akasogea ukingoni, taa za paani zilikuwa zinameremeta juu ya maji na hakuona kitu isipokuwa mwanga unaochezacheza. Mwokoaji naye alikuwa ameshasogea upande wake, ameinama, mikono magotini, anatazama chini.

“Namwona, dada,” akasema bila kugeuka. “Amekaa tu. Macho yangu yako kwake. Tulia.”

Tulia! Neno hilo umwambie mtu mwingine. Shangazi aliyaona matairi ya lile lori. Alimwona kaka yake akishuka kwenye basi na kuuliza, mtoto wangu nilikuachia, yuko wapi? Meneja alikuwa anapiga hatua kuja. Watoto bado wanapiga kelele. Chini ya maji hakuna kinachotikisika, na mwanamume huyu mwenye kitambi anainama tu kama anayetazama chungu kikichemka! Hakuwaza. Angewaza asingefanya. Mkono wake uliingia ndani ya gauni, ukatoka na filimbi, na akaipuliza kwa pumzi zake zote, pumzi za ile hofu yote aliyoibeba tangu kile kitoto kilipoacha kubwabwaja.

Ukumbi mzima ulishika masikio. Watoto wa darasa wakanyamaza ghafla. Na kabla mwangwi haujaisha Shangazi alikuwa hewani, na gauni lake, na viatu vyake, na mkoba begani, akaingia majini kwa kishindo kilichomlowesha meneja hadi kiunoni.

Tusisahau jambo moja. Shangazi hajui kuogelea.

Alichokiona kabla macho hayajafumba atakikumbuka maisha yake yote. Chiriku alikuwa amekaa chini sakafuni mwa bwawa, miguu ameikunja, mikono magotini, uso umetulia tuli. Hakuna kelele kule chini. Alikuwa ameshuka kuikimbia kelele, kwa akili zake mwenyewe, na alikuwa anapumzika. Alikuwa salama kuliko mtu yeyote ndani ya jengo lile. Kisha maji yakamwingia Shangazi puani, chini ikawa juu, akaanza kurusha mikono na kukamata kila kitu na kutokamata chochote, hadi mkono mmoja wa nguvu ulipomshika kwapani na kumvuta.

Mwokoaji alimtupa ukingoni kama furushi la nguo. Akakohoa, akatapika maji, akatafuta kwa macho mekundu.

Chiriku alikuwa ameibuka. Ameshafika ukutani, viwiko ameviegemeza ukingoni, masikio ameyaziba kwa viganja, anatoa mlio mrefu wa maumivu, uleule wa siku ya kwanza. Mama mapacha akasimama na kuwakumbatia wanawe. Shangazi akajua kwamba yamekwisha. Sasa atatoka, atakimbia, atamwangusha mtu. Na ni mimi, ni mimi mwenyewe niliyeipuliza! Alitaka kumwita, koo likatoa maji badala ya jina.

Chiriku hakukimbia. Alivuta pumzi, akazama tena palepale ukutani. Akakaa. Akaibuka, akalia kidogo, akazama. Safari hii hata watoto wa darasa walikuwa wametulia wakitazama. Alipoibuka mara ya tatu mlio ulikuwa umekwisha. Akabaki kashika ukuta, kifua kinapanda na kushuka.

“Nilisema,” meneja akaanza. Sketi yake ilikuwa inachuruzika. “Nilisema au sikusema? Vurugu moja. Watoto wa watu wameshtuka, mtu kidogo afe hapa mbele yangu. Basi. Tokeni wote wawili.”

“Wote wawili kwa kosa gani, mama?” mwokoaji akauliza. Alikuwa bado anahema. “Aliyefanya vurugu ni mmoja. Binti hajamgusa mtu.”

“Amepiga kelele.”

“Amepulizwa filimbi sikioni. Hata mimi ningepiga kelele.”

“Na kesho yakitokea mengine, nani wa kumtuliza? Huyu?” Meneja akamwonyesha Shangazi pale chini, viatu vimejaa maji, mkoba unavuja. Mtu mmoja kwenye mabenchi akashindwa kujizuia, akacheka.

“Ametulia mwenyewe,” akasema mama mapacha. Wote wakageuka. Hata yeye alionekana kushangaa kwamba amesema. “Si mmemwona? Hakutulizwa na mtu.”

Meneja akasita. Alikuwa mkali lakini hakuwa mtu wa kuonea watu. Akavua viatu vyake hatimaye, akachuchumaa karibu na maji, akasema kwa sauti ya chini, “Binti. Unataka kubaki au unataka kwenda nyumbani?”

Shangazi akafungua kinywa. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, anataka kubaki, mama, anataka sana, nisamehe mimi, na mkono wa mwokoaji ukatua begani mwake, mzito na wa baridi.

“Dada,” akasema. “Ameulizwa yeye.”

Chiriku hakujibu. Alitazama maji yaliyokuwa yakitingishika mbele ya kidevu chake. Akatazama paa. Ukimya ukarefuka, ukarefuka, mpaka watoto wa darasa wakaanza kukanyagana miguu. Shangazi aliuma mdomo wake wa chini akahisi ladha ya damu. Mwone, haelewi, watasema haelewi, meneja ataondoka! Mtu yeyote angeona kimya kile akasema hapana jibu. Meneja mwenyewe aliweka mkono sakafuni kutaka kuinuka, goti likalia, na Shangazi akahisi moyo wake unataka kutoka mdomoni badala ya maneno. Akamshika mwokoaji mkono, akaubana kwa nguvu zote, na hakusema kitu. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo tangu azaliwe.

Meneja alibaki hivyo, nusu ameinuka.

“Naogelea,” Chiriku akasema.

Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mtu asiyeitumia mara kwa mara, lakini kila mtu aliisikia. Meneja akatikisa kichwa kukubali. Shangazi akaachia pumzi, akaanza kujivuta asogee, amshike mkono, ambusu, amwombe radhi. Chiriku akamtazama. Aliinua miwani yake ya kuogelea hadi kwenye paji la uso ili amwone vizuri, jambo ambalo hafanyi, halafu akaunyoosha mkono wote kuelekea mlangoni.

“Shangazi nje.”

Hapakuwa na hasira ndani yake. Alisema kama anavyosema anapotaka dirisha lifunguliwe. Lakini Shangazi alihisi limempata kifuani. Miaka yote hiyo ya kubeba mkoba wa maji na taulo na dawa, kugombana na walimu, kulala jicho moja wazi, halafu nje? Mbele za watu? Aliona uchungu, tena uchungu wa kweli, na hakujidanganya kwamba hauoni. Akamtazama mwokoaji, mwokoaji akatazama pembeni. Akamtazama meneja.

“Umemsikia,” meneja akasema, safari hii kwa upole. “Yeye atakuja, siku zote. Wewe utamfikisha getini.”

Shangazi akasimama. Gauni lilimganda mwilini, viatu vikapiga kelele za maji kila hatua. Alivua filimbi, akamrudishia mwenyewe, akashindwa kumtazama usoni. Alitembea mbele ya mabenchi yote na hakuna aliyemcheka. Mlangoni alisimama. Nyuma yake alisikia maji yakikatwa, mkono mmoja, mkono mwingine, polepole, na alitaka kugeuka ahakikishe kwa macho yake, mara moja tu. Akasukuma mlango akatoka.

Nje palikuwa na jua na kelele za magari. Mkata tiketi, aliyekuwa amemwona akirudi pale kuomba na kuomba, alitoka mbio kwenye kibanda chake akiwa na taulo mkononi.

“Maskini, dada yangu! Wamewafukuza tena?”

Shangazi alilichukua taulo, akalifunika usoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Alilia kwa aibu, alilia kwa uchungu, na katikati ya hayo yote alikuwa anacheka, mkata tiketi akabaki hajui ampe pole au amwache.

“Nimefukuzwa mimi,” akasema ndani ya taulo. “Yeye kabaki.”